Mnunuzi wa pili

Katibu alisoma bei ya juu, akasoma na ya chini, kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi kwa ajili ya waliokaa nyuma chini ya miembe. Mwenyekiti akasimama, akauliza swali ambalo kila mnada wa korosho kule kusini lazima ulipitie: "Ndugu wakulima, tunauza au hatuuzi?"

Kelele zikapanda. Wengi walisema tunauza. Kikundi cha akina mama upande wa kushoto kikasema hatuuzi, tungoje mnada ujao, bei itapanda. Wakabishana, mara kwa Kiswahili mara kwa Kimakonde, mpaka mikono ikahesabiwa na mzigo ukauzwa.

Nilikuwa nimekaa na mjomba wangu. Mimi naishi Dar es Salaam, na kila nikienda kwetu Newala, mkoani Mtwara, huwa nabeba hoja zangu zilezile: kodi ziwe chache, serikali iwe ndogo, muuzaji na mnunuzi waachwe wakubaliane wenyewe. Mjomba amezisikia zote, na huwa ananiacha nimalize. Siku hiyo tulipokuwa tunatoka uwanjani akaniuliza taratibu, bila ubishi:

"Mpwa wangu, na kangomba naye si soko huria?"

Kangomba ni yule anayemkopesha mkulima fedha kabla ya msimu, kisha analipwa kwa korosho za bei ndogo. Nilimjibu mjomba haraka haraka. Jibu halikumkaa yeye, na halikunikaa mimi.

Wiki nyingi zimepita na bado naligeuza swali lile. Nimeona nilijibu hapa kwa marefu yake.

## Msimu wa malori ya jeshi

Nianze na sehemu ambayo sina shaka nayo.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema. Nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na kuna minada iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi wakaleta barua zenye bei ya chini ya 3,000, na wakulima wa Tandahimba na Newala wakazikataa. Walikuwa na kila haki ya kukataa, maana korosho ni yao.

Kilichofuata mnakikumbuka. Novemba 2018 Rais Magufuli aliwaondoa waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara, kisha akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya JWTZ yakateremka Mtwara. Operesheni Korosho.

Kwetu watu walipiga vigelegele, na siwalaumu hata kidogo. Mtu amepalilia, amepulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, ameokota punje moja moja juani, halafu anasikia Rais wa nchi anasema jasho lako halitapotea. Mimi mwenyewe niliguswa na kauli ile.

Tabu haikuwa kwenye ile 3,300. Tabu ni kwamba serikali ilinunua bila kuwa na mtu wa kumuuzia. Korosho ghafi yetu, sehemu kubwa sana, huenda kubanguliwa India na Vietnam. Viwanda vya huko hututegemea kati ya Oktoba na Januari, wakati Afrika Magharibi haijavuna. Kuanzia Februari na Machi mzigo wa Ivory Coast unaanza kuingia sokoni, na Ivory Coast ndiye mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Korosho ya Mtwara inayolala ghalani mpaka Machi imepoteza ubora kwa sababu ya unyevu, imepoteza uzito, na imepoteza pia ile miezi ambayo ilikuwa peke yake sokoni.

Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja kutoka Kenya wa kununua tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Kufika Mei serikali ilikuwa imeuvunja. Wakati huo wakulima walikuwa wanahakikiwa: aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake, ili ijulikane kama ni mkulima kweli au ni kangomba. Wapo waliolipwa mapema. Wapo waliosubiri miezi, na wapo waliosubiri zaidi ya msimu mmoja. Fedha za kigeni zinazotokana na korosho ziliporomoka mwaka ule, na mavuno ya 2018/19 yalishuka kwa makumi ya maelfu ya tani.

Lakini hasara ninayoiona kubwa kuliko zote haimo kwenye takwimu hizo.

Oktoba 2018 mkulima aliwakataa wanunuzi wote waliokuja, na akabaki na mzigo wake. Desemba hakuwa na wa kumkataa. Mnunuzi alikuwa mmoja, mwenye sheria, mwenye ghala na mwenye askari. Bei ilikuwa nzuri na siku ya malipo haijulikani, na huwezi kumwambia mnunuzi wa namna hiyo "nirudishie gunia zangu nimpelekee mwingine." Mwingine hakuwepo.

## Palizi ilipoachwa

Kusini tuliwahi kupita njia hii, na wazee wanaijua kwa majina ya mashamba.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000.

Sababu zilikuwa kadhaa na nisingependa kuzibana ziwe moja. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua. Lakini katikati ya yote hayo palikuwa na bei. Mamlaka ya Korosho iliundwa mwaka 1973, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki na mlango mmoja wa kuuzia. Aliyekaa mlangoni ndiye aliyepanga bei, na kila gharama ya ofisi yake ilitoka kwenye bei hiyo.

Peter Bauer, mchumi mzaliwa wa Budapest aliyefundisha London, alikuwa ameyaeleza haya miaka ya 1950 alipochunguza bodi za mazao za Afrika Magharibi. Bodi zile ziliundwa kwa ahadi ya kumkinga mkulima na bei inayoyumba. Alionyesha kwamba kwa vitendo zilikuwa zinamtoza kodi: zinauza kakao kwa bei ya dunia, zinampa mkulima pungufu sana, na tofauti inabaki serikalini. Hakuna bunge lililopitisha kodi hiyo kwa jina lake.

Mjomba hajui habari za Bauer, lakini alinieleza jambo ambalo sikulisoma kokote. Aliniambia hakuna aliyekata mikorosho kwa hasira. Watu waliacha palizi tu. Majani yakaota chini ya miti, kiangazi moto ukapita, miti ikaungua au ikachoka. Mkulima asiyeruhusiwa kukataa bei sokoni alikataa shambani, na serikali ikaja kuijua hasara hiyo baada ya miaka.

Katika kipindi hichohicho nchi ilijengewa viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Korosho za kuvilisha hazikuwepo. Baada ya ubinafsishaji vingine vikageuzwa maghala, na ukipita Mtwara na Lindi utaonyeshwa.

Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, palizi ikarudi. Salfa ilisaidia, utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ulisaidia sana, na bei ikafanya yake. Mpaka hapa nilikuwa na uhakika kwamba naweza kumjibu mjomba.

## Makato yasiyoandikwa kwenye karatasi

Ukitaka ugomvi kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, taja makato. Ushuru wa chama kikuu, ushuru wa chama cha msingi, usafiri, ghala, na unyaufu, yaani uzito unaosemekana kupotea korosho ikikauka. Kila mstari kwenye mjengeko wa bei una watu wanaoutilia shaka, na unyaufu ndio unaoudhi kuliko yote, kwa sababu hakuna mkulima anayeziona hizo kilo zikipotea.

Lakini kato kubwa kuliko yote halimo kwenye karatasi ya mkulima.

Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Kisheria anayelipa ni msafirishaji. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme tani moja ikipakiwa melini ina thamani ya dola 1,600. Asilimia 15 ni dola 240, yaani senti 24 za dola kwa kila kilo. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 600 kwa kilo.

Nani anaibeba hiyo 600? Mfanyabiashara wa India hawezi kumwongezea mteja wake, kwa sababu mteja ana korosho ya Ivory Coast, ya Benin na ya Msumbiji. Anachofanya ni kuanza na bei ya dunia, kutoa nauli ya meli, kutoa gunia, kutoa ushuru, kutoa faida yake. Kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni inayosomwa Newala. Kwa hiyo mjomba analipa, na hana risiti.

Zamani angalau sheria ilisema asilimia 65 ya ushuru huo irudi kwenye zao lenyewe, kwa utafiti, pembejeo na kadhalika. Juni 2018 Bunge likabadilisha, fedha yote iende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu na wakashindwa. Wapo waliowaita wabinafsi. Mimi naona walikuwa wanasema jambo la haki kabisa: kodi inayotolewa kwenye gunia la mtu maskini ina wajibu wa kuonekana karibu naye.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Mwaka 2017 ushuru wa mazao wa halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Miaka ya karibuni salfa imegawiwa kwa ruzuku, na mavuno ya 2024/25 yalivuka tani 400,000. Mtu wa soko huria akiikwepa habari hiyo hatendi haki. Salfa ilifika shambani, na miti ikazaa. Ninachouliza ni kama mkulima asingeinunua mwenyewe, kwa wakati anaoutaka yeye, kama angeachiwa ile 600 yake.

## Ng'ambo ya Ruvuma

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza. Punguza ushuru, bei ipande, mkulima afaidike. Kisha nikasoma habari za Msumbiji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji walikuwa wakivuna zaidi ya tani 200,000, wakiongoza dunia. Vita ikaharibu. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia ikawapa ushauri ambao ningewapa mimi: ruhusuni korosho ghafi itoke, teremsheni ushuru wa kusafirisha nje. Ukateremshwa hatua kwa hatua mpaka asilimia 14. Viwanda vya kubangua vikakosa mzigo, vikafunga. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani.

Na mkulima je? Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch walipokuja kupiga hesabu, walikuta wastani wa faida kwa kaya inayolima korosho ni kama dola 5.30 kwa mwaka.

Kwa mwaka.

Nilikaa na namba hiyo siku nyingi. Ushuru ulipungua kweli. Bei ya bandarini ilipanda kweli. Sehemu kubwa ya fedha ikanasa njiani, kwa wafanyabiashara wenye malori waliokuwa wachache kiasi kwamba kijiji kizima kinamngoja mmoja. Baadaye serikali ya Msumbiji ikaupandisha tena ushuru, kati ya asilimia 18 na 22.

Kwa hiyo kupunguza kodi peke yake hakutoshi kumfikishia mjomba kitu. Fedha iliyoachiwa inakwenda kwa yule mwenye uwezo wa kungoja.

## Kangomba

Kwa wale wasiokulia kusini: huyu ni mtu anayekuja miezi ya njaa, mikorosho ikiwa bado haijatoa hata ua. Anakupa fedha leo, wewe utamlipa korosho msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Bei hiyo huwa ni sehemu ndogo tu ya ile itakayosomwa mnadani.

Nilimuuliza mjomba kama amewahi kwenda kwa kangomba. Akanyamaza kwanza.

"Mtoto alipolazwa nilikwenda. Usiku. Alinipunja, mpwa wangu, lakini ndiye aliyenifungulia mlango."

Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilikuja na wazo zuri: mkulima aweke mzigo ghalani, apewe stakabadhi, na kama ana shida aikopee benki huku akingoja bei. Lakini stakabadhi inazaliwa korosho ikishafika ghalani. Kangomba anakuja miezi sita kabla. Kati ya njaa na ghala hapana benki, hapana ofisi, yupo yeye tu.

Mwaka 2018 serikali ilimsaka, na mjomba hakumwombea dua. Ila mwaka uliofuata, aliniambia, fedha ya kangomba ilizidi kuwa ghali, kwa kuwa mkopeshaji sasa aliihesabu na hatari ya kukamatwa. Shida ya mtoto mgonjwa haikupigwa marufuku pamoja naye.

Hapa ndipo nilipoona nini kilichokuwa kinanisumbua. Kwa miaka nimekuwa nikiwaweka kangomba na Operesheni Korosho pande mbili tofauti, mmoja soko, mwingine serikali. Ukikaa mahali pa mjomba wanafanana. Wote wawili walimkuta akiwa hana wa pili wa kumwendea. Kangomba alitumia njaa, serikali ikatumia askari, na katika hali zote mbili mkulima alipokea alichopewa, kwa siku aliyopangiwa.

Ndiyo, mjomba, kangomba ni soko. Ni soko la fedha lenye muuzaji mmoja, usiku, mlango mmoja. Mtu anayetetea uhuru wa kuuza na kununua hana sababu ya kulitetea hilo, na pia hana sababu ya kuamini kwamba jela italiponya. Litaponywa na mkopeshaji wa pili na wa tatu watakaofika Newala mwezi Machi.

## Jambo lisilonikalia vizuri

Mnada wenyewe unanipa tabu.

Ndio mahali pa karibu zaidi na ushindani wa kweli nilipowahi kupaona katika kilimo chetu: wanunuzi wengi, bei hadharani, mkulima anapiga kura. Na bado umejengwa juu ya katazo. Mkulima wa korosho haruhusiwi kuuza nje ya mfumo huo. Anayekutwa na gunia njiani lazima ajieleze, gunia la shambani kwake mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba mnada ubaki, katazo liondoke. Chama cha msingi kinachojua wanachama hawawezi kuondoka hakina sababu ya kupunguza makato, wala ya kueleza unyaufu, wala ya kuharakisha malipo. Mjomba hakubaliani. Anasema ukifungua mlango wa pembeni, wenye shida watauza kwanza, mzigo wa mnadani utapungua, na mnunuzi anayetafuta maelfu ya tani hatakuja kwa vijigunia vilivyobaki. Hoja yake ina uzito, na sijapata ya kuishinda. Pengine mahali pa kuanzia ni mkopo wa miezi ya njaa, halafu katazo liondolewe akishakuwepo mtu ambaye halazimiki kuuza usiku.

Tunachokubaliana sote wawili ni kazi ya serikali ambayo hakuna mwingine wa kuifanya. Mzani uhakikiwe na Wakala wa Vipimo. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, ambayo wazee wameahidiwa tangu wakiwa vijana, ikamilike, kwa sababu kila shimo lililomo humo linakatwa kwenye bei. Kesi ya mkulima aliyeibiwa na katibu isikilizwe ndani ya msimu. Serikali inayoyafanya hayo vizuri ni ndogo kuliko ile iliyoleta malori, na ina faida kubwa zaidi kwa mkulima.

## Marufuku inayozungumzwa

Naandika haya sasa kwa sababu serikali imekuwa ikieleza nia ya kusitisha usafirishaji wa korosho ghafi ili zote zibanguliwe nchini, na kongani la viwanda linaandaliwa Maranje, Mtwara. Nataka viwanda hivyo. Nawafahamu wanawake wanaobangua kwa mkono nyumbani, vidole vimeungua kwa mafuta ya ganda, ambao kazi ya kiwandani ingewabadilishia maisha.

Lakini marufuku ni ushuru wa kusafirisha nje uliopandishwa mpaka mwisho wake. Siku ikianza kutumika, kila mnunuzi wa India na Vietnam anaondoka mnadani, na wanabaki wenye viwanda tu. Kama ni wengi na wana mitaji, sawa. Kama ni wachache, wataipanga bei wao, na korosho haina pa kwenda. Kama kiwanda cha Mtwara hakiwezi kuifikia bei ya mtu anayeibeba korosho mpaka Tuticorin, India, na kurudi na faida, basi kisaidiwe palipo na tatizo: umeme usiokatika, mkopo wa riba nafuu, marejesho ya VAT yanayofika kwa wakati. Kije mnadani kishindane. Tofauti ya bei isichukuliwe kwa mkulima wa Newala kupewa mwenye kiwanda.

Muswada wa marufuku hiyo ukifika Dodoma, waziri aueleze kwa namba. Ni viwanda vingapi vitakuwa vinafanya kazi siku hiyo, vina uwezo wa tani ngapi kwa mwaka, vina fedha ya kununua mzigo wote wa miezi minne, na vimeahidi kulipa shilingi ngapi kwa kilo ukilinganisha na meli iliyotia nanga Mtwara wiki hiyohiyo.